Sheria ikifutwa Kampala, aliyekamatwa Arua anafaidika vipi?

Mkalimani Mstaafu (Arua), mwanzisha uzi:

Ndugu zangu, kwa miaka kumi na mmoja nilisimama kando ya kizimba katika mahakama moja ya hakimu huku West Nile, Uganda, nikitafsiri mashtaka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na Kilugbara, kisha nikiyarudisha majibu ya mshtakiwa kwa Kiingereza ili hakimu ayaandike. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya jirani yangu. Mwanawe alikuwa analala kituoni usiku wa tatu, naye akanijia na simu mkononi akinionyesha habari ya zamani kwamba kosa la uzururaji lilifutwa na mahakama, akaniuliza kwa nini basi kijana hajatoka. Nilipokwenda naye na kuisoma karatasi ya mashtaka, sikuona neno uzururaji hata mara moja. Kijana alikuwa ameandikiwa kosa la kuleta kero kwa umma.

Sheria za jinai za Uganda zimebadilika sana katika miaka michache iliyopita, nyingine Bungeni na nyingine mahakamani, na kila zinapobadilika redio hutangaza kana kwamba jambo limekwisha. Mwananchi, hata hivyo, hakutani na sheria pale inapobadilishwa. Anakutana nayo barabarani saa nne usiku, halafu kwenye kaunta ya kituo, halafu kwenye karatasi moja iliyoandikwa kwa lugha asiyoweza kuisoma. Ndiyo maana ninashikilia kwamba anayetaka kujua mabadiliko haya yamemgusa vipi aanze na karatasi hiyo, na maneno yaliyomo, kabla ya kushika gazeti.

Nianze na huo uzururaji, kwa kuwa ndio uliokuwa ukijaza benchi letu kila Jumatatu asubuhi. Kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu kiliwataja watu walioitwa wahuni na wazururaji. Aya (c) ilimlenga mtu anayeshukiwa, au anayejulikana kuwa mwizi, ambaye hana njia inayoonekana ya kujipatia riziki na hawezi kujieleza vizuri. Aya (d) ilimlenga anayekutwa akirandaranda barabarani au karibu na majengo, katika wakati na hali zinazofanya mtu aamini kwamba yupo pale kwa nia mbaya. Zisomeni tena polepole, mtaona kwamba hakuna tendo lolote lililokatazwa humo. Linalohukumiwa ni sura ya mtu, saa aliyokutwa nje, na mfuko wake usiokuwa na kitu. Maneno hayo hayakutungwa hapa kwetu. Mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 dhidi ya watu wasio na makazi, ambayo ilisambazwa katika makoloni na kuingia katika Kanuni yetu ya mwaka 1950.

Namkumbuka kijana mmoja mpagazi wa stendi ya mabasi, mzaliwa wa Kongo, aliyesimama mbele yangu akiwa amevaa ndala moja nyekundu na nyingine ya bluu. Nilipomsomea kwamba ameshtakiwa kwa kuzurura usiku, alimtazama hakimu na kusema, "Mheshimiwa, mimi sikuzurura, nilikuwa narudi." Nikatafsiri hivyo hivyo. Kilichoandikwa kwenye faili ni kwamba mshtakiwa anakubali kuwa alikuwa barabarani, na kwa kifungu kile hilo lilitosha. Alipewa adhabu ya kazi za jamii, akafagia ua wa mahakama kwa siku saba, na kila asubuhi alinisalimia kwa heshima kana kwamba mimi ndiye niliyempa kazi.

Tarehe 2 Desemba 2022 Mahakama ya Katiba, katika shauri la Francis Tumwesige Ateenyi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilizitangaza aya hizo mbili kuwa batili. Sababu kubwa ilikuwa kwamba Katiba, katika ibara ya 28(12), inataka kosa liwe limeelezwa bayana na adhabu yake kuandikwa, ilhali aya zile zilikuwa pana na zenye ukungu kiasi kwamba raia hawezi kujua aepuke nini. Tena zilimtaka mtu athibitishe kwamba yeye si mhalifu, jambo linalopindua dhana ya kutokuwa na hatia. Miaka miwili kabla ya hapo, Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilikuwa imetoa maoni ya ushauri yenye mwelekeo huo huo kuhusu sheria za uzururaji katika bara zima.

Sasa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kero kwa umma bado ni kosa. Zamani ilikuwa kifungu cha 160 cha Kanuni ya Adhabu, na tangu sheria zote za nchi zilipochapishwa upya na toleo hilo kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, imekuwa kifungu cha 148. Ndilo kosa waliloandikiwa vijana wengi walioandamana Kampala kuelekea Bungeni dhidi ya ufisadi mwezi huo huo wa Julai. Nalo pia ni pana. Kwa macho yangu mwenyewe, katika mwaka wangu wa mwisho kazini, watu wa aina ile ile waliokuwa wakiletwa Jumatatu kwa uzururaji waliendelea kuletwa Jumatatu. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye karatasi. Tofauti iliyopo, na si ndogo, ni kwamba kwa kero kwa umma mwendesha mashtaka analazimika kueleza mtu alifanya nini na umma uliudhika vipi, na mshtakiwa anayejua kuuliza swali hilo mara nyingi hushuhudia kesi ikikwama.

Toleo jipya limeleta mkanganyiko mwingine ambao sikuutarajia. Namba za vifungu zimesogea. Kanuni ya Adhabu iliyokuwa Sura ya 120 sasa ni Sura ya 128. Mauaji ya kukusudia yaliyojulikana kwa vifungu vya 188 na 189 sasa yako kwenye 171 na 172. Kuna mzee aliyekuja kwangu akilia kwamba mwanawe "amebadilishiwa kesi gerezani", kumbe kesi ni ile ile na namba tu ndizo zilizobadilika. Kwa hiyo mnapolinganisha karatasi ya 2023 na ya 2025, someni jina la kosa na maelezo yake, msitegemee namba.

Karibuni mchangie, hasa waliowahi kupita kwenye kaunta hizo.

Boda wa Busia:

Mzee wangu, nashukuru kwa maelezo. Mimi naendesha pikipiki hapa mpakani na nimelala kituoni mara mbili, mara zote mbili nilikamatwa Ijumaa jioni. Sisi huku tunaiita kamata ya Ijumaa, kwa sababu mtu anajua kwamba Jumamosi hakuna mahakama na Jumapili hakuna afisa wa kukusikiliza, hivyo ndugu zako watachoka na kuleta pesa. Ukutani kuna karatasi iliyobandikwa inayosema dhamana ya polisi ni bure, nami niliisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote tangu nilipotoka shule. Afande aliponiona naisoma akaniambia, "Dhamana ni bure, lakini fomu je?" Swali langu ni hili: yale masaa 48 yanahesabu wikendi au hayahesabu?

Jambo la pili, Juni 2025 tulianza kupata ujumbe wa faini za kamera, shilingi 200,000 kwa aliyezidisha mwendo kwa chini ya kilomita 30 kwa saa na 600,000 kwa aliyezidisha zaidi ya hapo, na sehemu nyingine mwisho wa mwendo ulikuwa kilomita 30 tu. Kelele zilikuwa nyingi mpaka waziri akausimamisha mfumo mwezi huo huo. Mimi ninaona kwamba faini ya namna ile kwa mtu wa boda ni adhabu ya jinai hata kama imekuja kwa simu, kwa sababu sina mahali pa kwenda kusema kwamba aliyekuwa anaendesha ni mdogo wangu.

Mkalimani Mstaafu (Arua):

Mwanangu, masaa 48 yanahesabiwa tangu ulipokamatwa, na ibara ya 23(4) ya Katiba haikuweka mapumziko ya Jumamosi wala Jumapili. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni anapaswa kuwa mbele ya hakimu, au awe ameachiwa, kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni. Ninajua vizuri kwamba sivyo inavyokuwa, maana orodha yetu ya Jumatatu ilijaa watu wa Ijumaa, na sijapata kumsikia mshtakiwa hata mmoja asiye na wakili akilitaja jambo hilo kwa hakimu. Hakimu naye haulizi asichoambiwa. Ukisimama kizimbani, kabla hujajibu lolote kuhusu kosa, sema siku na saa uliyokamatwa, kwa lugha yoyote unayoijua, na mkalimani analazimika kuitafsiri.

Kuhusu fomu, haiuzwi. Kinachohitajika ni mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, hiyo ndagamuntu, na kwa kawaida barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wake, inayothibitisha kwamba anaishi pale. Barua ile ndiyo inayowachelewesha wengi, kwa hiyo ndugu aanze kwa mwenyekiti kabla ya kwenda kituoni. Anayekwenda kituoni kwanza huenda na pesa, na pesa ikishaonekana haifichiki tena.

Duka la Jumla (Lira):

Samahani kwa kuharibu hewa, lakini mimi naona mnazungumza upande mmoja tu. Duka langu limevunjwa mara tatu. Zamani askari wa doria alipowakuta vijana watano wamesimama nyuma ya maduka saa nane usiku aliwachukua, na asubuhi tulikuwa na amani. Sasa anawapita, kwa sababu ameambiwa kwamba sheria imefutwa. Mahakama ya Katiba haina duka. Naomba nijibiwe bila kuambiwa mambo ya wakoloni, kwa sababu aliyeiba sukari yangu hakutoka Uingereza.

Mkalimani Mstaafu (Arua):

Bwana Duka, una haki ya kukasirika, na sitakujibu kwa wakoloni. Nitakujibu kwa yale niliyotafsiri. Kuvunja duka bado ni kosa, kujaribu kuvunja ni kosa, na kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia bila sababu halali ni kosa lenye adhabu nzito kuliko uzururaji ulivyowahi kuwa nayo. Vijana watano wenye nondo nyuma ya duka lako wanakamatika leo kama walivyokamatika jana. Kilichoondolewa ni uwezo wa kumshika mtu asiye na nondo, asiye na kitu, na kumwambia athibitishe alikokuwa anakwenda. Nikumbushe pia kwamba katika miaka yangu yote pale, mwizi wa kweli mwenye pesa hakukaa kizimbani kwa uzururaji, alikuwa ametoka tangu usiku. Waliofika asubuhi walikuwa wapagazi, wauza mayai ya kuchemsha, na mara moja mlinzi wa duka aliyekuwa anarudi kutoka lindoni.

Duka la Jumla (Lira):

Mlinzi huyo ninamwelewa. Hao wengine bado nina shaka nao.

Mama Mitumba (Kampala):

Mimi ninauza nguo kuukuu katika soko la Owino, na swali langu ni la jaketi. Katika bale moja ya makoti ya baridi niliyoifungua kulikuwa na jaketi la rangi ya majani majani kama la wanajeshi, zipu ya shaba, mfuko wa ndani umeshonwa kwa uzi mweupe na mtu ambaye si fundi, na shingoni lebo ya lugha nisiyoijua. Lilikuwa zuri na jipya kuliko makoti yote yaliyokuwemo. Mwenzangu wa meza ya pili aliliona akaniambia nilifunike upesi, na jioni tukalikata kwa mkasi tukafanya vitambaa vya kufutia viatu. Watu wanasema kwamba mahakama ilikataza raia kupelekwa kwenye mahakama ya jeshi, wengine wanasema kwamba sheria imerudi. Ni ipi ya kweli?

Wakili wa Kasese:

Dada, zote mbili ni kweli, kila moja kwa wakati wake, na mpangilio wa tarehe ndio unaowachanganya watu. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge wa Nakawa, iliamua kwamba mahakama za kijeshi kama zilivyokuwa hazina mamlaka ya kuwahukumu raia, ikaagiza kesi za raia zilizokuwa zinaendelea huko zihamishiwe mahakama za kawaida. Ilikuwa furaha ya miezi michache. Tarehe 20 Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya jeshi, na Rais akayatia saini mwezi uliofuata. Marekebisho hayo yanataka waongozao mahakama hizo wawe na sifa za kisheria, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililalamikia, lakini pia yanaruhusu raia kupelekwa huko katika mazingira yaliyotajwa, na mojawapo ni kukutwa na silaha, risasi au vifaa ambavyo kwa kawaida ni vya jeshi peke yake.

Hapo ndipo jaketi lako linapoingia. Septemba 2019 serikali ilichapisha katika Gazeti la Serikali orodha ya mavazi ya jeshi, na bereti nyekundu, ambayo wakati huo vijana wengi wa siasa waliivaa, ikiwa mojawapo. Kuanzia hapo nguo ikawa jambo la jinai kwa watu ambao hawajawahi kuliona hilo Gazeti la Serikali. Kwa maoni yangu ya kitaaluma, raia kuwa na nguo na raia kuwa na bunduki ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na sheria nzuri ingeyatenganisha kwa maneno yasiyo na utata; maadamu haijafanya hivyo, mkasi wako ulikuwa na busara kuliko ushauri ambao ningekupa mimi.

Niongeze na kumrekebisha kidogo mwanzisha uzi, kwa heshima. Alisema kwamba mtu aanze na karatasi ya mashtaka, nami nakubali, lakini karatasi hiyo ina jambo moja ambalo wasio wanasheria huwa hawalitazami, nalo ni mahakama gani yenye uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo. Jambo hilo ndilo linaloamua siku za kukaa rumande. Kwa makosa ambayo hakimu anaweza kuyasikiliza, ibara ya 23(6) inasema kwamba mtu akishakaa rumande siku 60 kabla kesi haijaanza kusikilizwa, mahakama lazima impe dhamana kwa masharti yanayofaa. Kwa makosa ambayo Mahakama Kuu pekee ndiyo huyasikiliza, kama mauaji ya kukusudia, ni siku 180, na hizo zinahesabiwa mpaka kesi inapokabidhiwa Mahakama Kuu. Ikikabidhiwa siku ya 179, haki hiyo ya lazima imepotea, na unabaki kuomba kwa hisani ya jaji. Kabla ya mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 zilikuwa siku 120 na 360. Nimewaona ndugu wa washtakiwa wakihesabu siku hizi kwa vijiti ukutani, na vijiti vyao vilikuwa sahihi, ila hakuna aliyewaambia kuhusu kukabidhiwa.

Mkalimani Mstaafu (Arua):

Wakili, nimekubali marekebisho hayo, na laiti ningeyajua wakati nikiwa kazini. Tulikuwa tukitafsiri neno hilo la kukabidhiwa kama "kesi yako inapelekwa juu", na washtakiwa walifurahi wakidhani kwamba wanakwenda mahali pazuri zaidi.

Msimamizi wa Kundi (Mbale):

Ninasimamia kundi la WhatsApp la chama chetu cha kuweka na kukopa, lenye watu zaidi ya mia mbili. Mwanachama mmoja aliandika kwamba mweka hazina amekula pesa, na mweka hazina akatishia kwenda polisi kwa sheria ya kompyuta. Nimesikia kwamba sheria hiyo nayo ilifutwa.

Wakili wa Kasese:

Kilichofutwa ni kifungu kimoja, kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano yanayoudhi. Mahakama ya Katiba ilikitangaza kuwa batili tarehe 10 Januari 2023 kwa sababu inayofanana na ile ya uzururaji: maneno mapana mno yasiyomwonyesha mtu mpaka uko wapi. Lakini angalia kalenda tena. Miezi mitatu kabla ya hapo, Oktoba 2022, Rais alikuwa ameshatia saini marekebisho yaliyoongeza makosa mapya kuhusu taarifa zenye nia mbaya, maneno ya chuki na kusambaza habari za mtoto bila idhini ya mzazi. Julai 2024 kijana wa miaka 24 alihukumiwa huko Entebbe kifungo cha miaka sita kwa video za TikTok zilizomtukana Rais na familia yake. Alikiri kosa.

Kuhusu mweka hazina, mshauri mwanachama aseme "naomba hesabu za mwezi wa tatu zionyeshwe" badala ya "umekula pesa". La kwanza ni swali la mwanachama, la pili ni tuhuma ya wizi ambayo atatakiwa kuithibitisha.

Mkalimani Mstaafu (Arua):

Hapo kwenye kukiri kosa niruhusiwe kukaa kidogo, maana ndiko kulikoninyima usingizi. Mshtakiwa akiulizwa "Ni kweli au si kweli?", kwa adabu ya kwetu mtu hawezi kumkatalia mzee aliyekaa juu mbele ya watu. Anaanza kwa "Ndiyo, mheshimiwa", halafu ndipo anaeleza kwamba jambo halikuwa hivyo. Ile "ndiyo" ni ya heshima, ni sawa na "nakusikia". Lakini kwenye faili ikiandikwa mwanzo wa jibu, imekwisha kuwa kukiri. Nilijifunza kusubiri mpaka mtu amalize sentensi yake yote kabla sijafungua mdomo, na kuna hakimu mmoja aliyenikaripia kwa hilo kwamba ninapoteza muda. Tangu kanuni za makubaliano ya kukiri kosa zilipotoka mwaka 2016, ambapo mshtakiwa anakubali kosa ili apate adhabu nafuu, uzito wa neno hilo umeongezeka. Wapo waliofaidika sana nayo, waliokuwa wamekaa rumande miaka wakisubiri kikao cha Mahakama Kuu, wakatoka na kifungo chenye mwisho unaojulikana. Wapo pia waliokubali kosa ambalo hawakulitenda kwa sababu tu walikuwa wamechoka kusubiri. Mimi nikiwasikiliza sikuweza kuwatofautisha.

Wakili wa Kasese:

Na kwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, usikubali kusimama peke yako. Ibara ya 28(3)(e) inakupa wakili kwa gharama ya serikali.

Mkulima (Wakiso):

Mairungi je? Sisi tulishinda kesi.

Wakili wa Kasese:

Mlishinda, nami niliisoma hukumu hiyo. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 katika shauri la chama cha wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso, lakini sababu ilikuwa kwamba Bunge lilipitisha sheria hiyo bila akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa. Mahakama haikusema kwamba mairungi ni halali. Bunge likakusanya akidi yake, likapitisha sheria mpya mwaka huo huo wa 2023, na mairungi yamo. Aliyekamatwa katika kipindi cha katikati anaweza kujitetea kwa ibara ya 28(7), kwamba mtu hashtakiwi kwa tendo ambalo halikuwa kosa siku alipolitenda, kwa hiyo tarehe ya kukamatwa katika karatasi yake ina thamani kubwa. Anayelima leo hana kinga hiyo.

Shemeji (Kasese):

Nimesoma yote kimya kimya, na karibu yote ni ya wanaokamatwa. Mimi nauliza kwa ajili ya dada wa mke wangu. Mumewe alifariki, na wiki mbili baada ya mazishi ndugu wa marehemu waliweka kufuli yao kwenye mlango wa nyumba. Kufuli ya kichina, ya rangi ya dhahabu, juu ya ile ya kwake. Walimwambia kwamba ni mila. Je, hili nalo ni jinai au ni mambo ya ukoo?

Wakili wa Kasese:

Shemeji, hili ndilo badiliko ambalo redio zililisema kidogo kuliko yote, na kwangu mimi ndilo lenye faida kubwa kuliko yote yaliyotajwa humu. Marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022 yalifanya kumtoa mjane, mgane au watoto katika nyumba waliyokuwa wakiishi na marehemu kuwa kosa la jinai. Polisi hawawezi tena kusema "hayo ni ya ukoo, nendeni kwa wazee". Marekebisho hayo hayo yalipanga mgawanyo pale ambapo marehemu hakuacha wosia: asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mwenzi aliyebaki, 4 kwa ndugu waliomtegemea na 1 kwa mrithi wa kimila. Nyumba ya makazi haiingizwi kwenye mgao huo hivi hivi. Wanaoishi humo wanalindwa.

Dada asivunje kufuli. Apige picha kufuli zote mbili zikiwa mlangoni, aende kwa mwenyekiti wa LC1 aandikiwe barua inayosema aliishi pale na marehemu tangu lini, ndipo aende kituoni na kutaja kosa kwa jina lake, kwamba amefukuzwa katika nyumba ya makazi baada ya kifo cha mume. Akisema "wamenidhulumu", wataandika ugomvi wa kifamilia.

Shemeji (Kasese):

Mwenyekiti wa LC1 ni binamu wa marehemu.

Mkalimani Mstaafu (Arua):

Basi apitie kwa mwenyekiti wa LC2, ngazi iliyo juu ya LC1, na achukue majirani wawili ambao si wa ukoo. Na kituoni aombe aandikiwe namba ya taarifa aliyofungua. Asitoke pale bila namba hiyo mkononi, hata wakimwambia arudi kesho.

Boda wa Busia:

Mzee, nimesahau jambo moja. Mara ya pili nilipofikishwa mahakamani, hakimu alinipa dhamana ya pesa taslimu shilingi 300,000, mama akauza mbuzi wawili. Kesi iliondolewa baada ya miezi mitano. Ile pesa ilikuwa faini au ni yetu?

Mkalimani Mstaafu (Arua):

Ni yenu. Dhamana ya pesa ni amana ya kuhakikisha kwamba utarudi, na kesi ikiisha bila wewe kukimbia inarudishwa kwa aliyeiweka. Mama aliilipa benki, hivyo alipewa risiti yenye muhuri. Mwombe aitafute, halafu uende nayo kwa karani wa mahakama hiyo ukiwa na namba ya kesi yako, uandike barua ya kuomba kurudishiwa. Ukikuta jina kwenye risiti ni la mama, yeye ndiye atakayeisaini barua, kwa hiyo usiende peke yako.

Boda wa Busia:

Risiti ipo. Ameiweka ndani ya Biblia.